Tepu ya Mama Mkwe

Wiki nzima, msomaji, tumemwacha mwanamke wa watu amesimama kwenye banda la vifaa, ubao wake umelazwa juu ya meza ya ukaguzi, na mama mkwe wake ameuinamia na tepu mkononi. Haya, tumnyooshe bibi wa watu kabla mgongo haujagoma.

"Umezidi," alisema mama mkwe.

"Umezidi nini, Mama?"

"Urefu. Umezidi upana wa kidole."

Unyoya aliinama naye autazame. Unyoya ndilo jina walilompa wenzake kwa jinsi anavyoruka juu ya maji, na siku hiyo ilikuwa siku yake. Fainali ilingoja upepo utulie tu. Atakayeshinda angepewa nafasi moja, moja tu, ya kwenda ng'ambo kushindana na mataifa. Kila mwaka Unyoya alikuwa wa pili. Na kila mwaka, wa kwanza alikuwa yule yule, Bingwa, ambaye zamani alikuwa akibadilisha mbao kama watu wanavyobadilisha soksi, kila mpya ghali kuliko wa jana.

Ndipo chama kikaleta sheria ya vifaa sare. Mbao zote kutoka kalibu moja, kama matofali. Mguu mrefu unaozama majini, mmoja kwa wote, na kijibawa cha chini kinachounyanyua ubao juu ya mawimbi, kimoja kwa wote. Hata bawa la kitambaa linalojazwa hewa kwa pampu na kushikwa mkononi, rangi moja, mshono mmoja. Asubuhi ya mbio mbao zinagawiwa kwa kura, mtu asije akasema huu ni wangu. Vishindane vichwa na miguu, mfuko ukae nyumbani.

Sasa ubao uliotoka tumbo moja na wenzake utazidije?

"Mama, mbao zote zimetoka kalibu moja."

"Hapa mimi si mama yako. Hapa mimi ni Mkaguzi Mkuu wa Vifaa."

"Sawa. Mkaguzi, nasema mbao zote zimetoka—"

"Unamjibu hivyo mama mkwe wako?"

Unyoya alisema kwa adabu zote alizofundishwa kwao:

"Naomba basi zipimwe zote."

Washindani wengine waliacha kupiga pampu. Hapo ndipo Mwenyekiti wa chama alipoingia, akitanguliwa na visigino vyake. Alikuwa mtu mfupi aliyejaliwa viatu virefu, na alikuwa mdogo wake Mkaguzi, tumbo moja, ziwa moja.

"Dada, kuna nini tena?"

"Mke wa mpwa wako anataka nipime mbao zote."

"Zipime! Chama hiki hakina cha kuficha."

Mama mkwe akapima. Wa kwanza umezidi upana wa kidole. Wa pili, kidole kile kile. Msichana mwenye nywele fupi alianza kulia kabla hajafikiwa, akafikiwa, ikawa amelia kwa haki. Mmoja baada ya mwingine, mbao zikalazwa mezani na kuondolewa mezani, zote zimezidi, zote kwa kidole kimoja, si zaidi, si pungufu.

Mwenyekiti alikuwa anatabasamu.

"Jamani, hamwoni? Wote wamezidi sawasawa! Lengo la vifaa sare limetimia. Nawaondoa wote mashindanoni, bila upendeleo wowote."

Mjumbe mmoja wa kamati alipiga makofi. Alipoona yuko peke yake akajifanya anafukuza mbu.

"Umebaki mmoja," alisema mama mkwe.

Ulikuwa wa Bingwa. Bingwa aliuleta mwenyewe, akaulaza taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Tepu ikanyooshwa kutoka ncha hadi ncha. Mama mkwe alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Huu umetosha. Barabara."

"Asante Mungu," alisema Bingwa, lakini alimtazama Unyoya, si juu.

Kamati ikakutana papo hapo, nyuma ya rundo la makoti ya kuelea, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Hoja ilikuwa nzito: mshindani akikimbia peke yake, anaweza kushindwa? Mjumbe wa makofi alisema haiwezekani. Mwingine alisema inawezekana kabisa, akianguka. Mwenyekiti akauliza, akianguka, wa kwanza atakuwa nani? Wakakubaliana kwamba katika hali hiyo nafasi ya kwanza iachwe wazi, Bingwa awe wa pili, na sherehe ifanyike vivyo hivyo kwa sababu viti vimeshapangwa.

Unyoya hakucheka. Mwaka mzima alikuwa ameamka kabla ya jua. Alikuwa amemeza maji machafu, amechubuka magoti, ameacha harusi za ndugu na misiba ya majirani. Na sasa Bingwa angeshindana na kivuli chake, tena kivuli chenyewe kingekuwa cha pili.

Macho yake yalimtafuta mumewe.

Mumewe, Fundi, alikuwa seremala. Kwenye chama ndiye aliyebeba mbao, akaziba nyufa, akafunga skrubu, na nyumbani ndiye aliyefua, kwa sababu alipenda kufua na hakuona aibu. Saa hiyo alikuwa amejibana kwenye kona ya banda, anatafuna ukingo wa kofia yake.

Mtu hatafuni kofia bure.

Ndipo Unyoya alipokumbuka kamba ya nguo asubuhi ile. Jezi, jezi, soksi, jezi, halafu katikati yake tepu ya mama mkwe, imebanwa kwa vibanio viwili, inachuruzika maji. Mama mkwe alikuwa ameamuru kila kitakachogusa mashindano kiwe kisafi, na Fundi akiambiwa kisafi huwasha jiko. Alikuwa ameichemsha. Tepu ya kitambaa, ya fundi cherehani, ameichemsha sufuria moja na jezi!

Na kitambaa kikichemshwa hunywea. Shati la harusi la Fundi linalijua hilo vizuri, siku hizi analivaa mtoto wa jirani.

Tepu ikinywea, kila kitu duniani kinarefuka.

Alikuwa amekwisha kupata jibu, na aliogopa kulisema. Maana chama kilikwisha kununua tepu tatu za chuma, na zote zilikuwa zimetolewa nje na mama mkwe kwa dharau. Alikuwa ameshona mji mzima kwa tepu yake hiyo. Ilining'inia shingoni mwake kabla hata hajaolewa. Siku Unyoya alipoletwa kutambulishwa, bibi alimtazama toka unyayo hadi utosi, bila tepu, akamwona hatoshi. Ilimchukua miaka kumfanya bibi yule aanze kumwitikia salamu kwa sauti. Leo asimame mbele ya watu amwambie tepu yako inasema uongo?

Akinyamaza, safari ni ya Bingwa. Akisema, nyumba ni ya moto.

"Mwenyekiti," alisema, na hakuamini kwamba ni sauti yake. "Naomba tepu nayo ipimwe."

Mtu mmoja alidondosha pampu.

"Unasemaje wewe?" aliuliza mama mkwe, polepole.

"Samahani sana, Mama. Mkaguzi. Samahani wote wawili. Naomba ipimwe kwa kitu ambacho urefu wake unajulikana."

"Kama kitu gani?" aliuliza Mwenyekiti.

Unyoya alitazama huku na huku. Banda lilijaa pampu, kamba, mikanda, makopo ya rangi, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na urefu wa kuaminika. Macho yake yakarudi kwa Mwenyekiti.

"Kama wewe, Mwenyekiti."

Mwenyekiti hakutaka. Wajumbe walitaka sana. Alibishania viatu kwa muda mrefu, na alipovivua, vilitoka na vipande viwili vya sifongo ambavyo kila mtu aliamua hakuviona. Alisimama amejibandika kwenye nguzo, kidevu juu, amevuta pumzi yote iliyokuwamo bandani. Dada yake akapandisha tepu toka kisiginoni hadi kipara.

"Soma, Dada. Tumalize aibu hii."

Mama mkwe hakusoma. Mwenyekiti alichungulia mwenyewe. Akachungulia tena. Uso wake ukafunguka, macho yakamlowa.

"Nilijua!" alipiga kelele. "Nilijua! Maisha yangu yote watu wananiita mfupi! Shuleni, jeshini, kwa wakwe zangu! Tazameni, jamani! Someni!"

"Lakini Mwenyekiti," alisema Unyoya, "si ndiyo hoja yangu? Hiyo inaonyesha kwamba tepu—"

"Ni sahihi! Ni sahihi kuliko tepu zote nilizowahi kupimwa! Natangaza kuanzia sasa tepu hii ndiyo kipimo rasmi cha chama. Atakayeipinga amenipinga mimi, na amepinga urefu wangu!"

Wajumbe wakapiga makofi, na safari hii yule wa mbu hakuwa peke yake. Bingwa alianza kujaza hewa bawa lake, anaimba chini chini. Unyoya alishika ukingo wa meza. La kuvunda halina ubani, aliwaza. Nimemvunjia heshima mama mkwe, na bado nimeshindwa.

"Vaa viatu vyako," alisema mama mkwe.

"Dada, hebu niandikie kwanza hicho kimo—"

"Vaa viatu, nimesema! Suruali zako zote nimekushonea mimi, tangu ya kwanza uliyoikojolea. Mguu wako naujua kuliko wangu. Watu wa umri wako hawarefuki, wanaongezeka kiuno."

Mwenyekiti alirudi chini kimo kile kile alichokuja nacho, mbele ya macho ya watu, na ilikuwa huzuni kumtazama.

Mama mkwe alivua tepu shingoni. Aliilaza mezani, akaipapasa kwa kidole gumba, pindo hadi pindo, kama anavyopapasa kitambaa dukani kabla ya kukikataa.

"Imenywea," alisema. "Nimewapima watu uongo tangu asubuhi, kwa mkono wangu mwenyewe."

Alikuwa mdogo ghafla, bibi yule. Unyoya alimwonea huruma, na angeweza angemkumbatia, lakini mama mkwe hakumbatiwi akiwa kazini.

"Nani aliyeichemsha?"

Kule konani mkono mmoja uliinuka polepole, kama wa mwanafunzi asiye na hakika na jibu.

"Mimi, Mama. Ilikuwa na doa."

Hakuna aliyemgombeza, kwa sababu banda lilikuwa limeshalipuka kwa vigelegele. Mbao zote ni halali! Yule wa nywele fupi alilia tena, sasa kwa furaha. Watu wakakumbatiana, pampu zikaanza kupumua, na Unyoya akashika ubao wake mzuri, ubao wake halali, akaubusu kwenye pua.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Bingwa alikuwa ameacha kuimba.

"Ngojeni kwanza," alisema mama mkwe, na kidole chake kikaanza kupanda hewani. "Ngojeni. Kama tepu ni fupi, na mbao zote halali zimeizidi... huu ulioitosha barabara umekuwaje?"

Waliupindua ubao wa Bingwa kabla hajausogelea. Kule mkiani, palipotakiwa kuwa na ukingo mgumu unaong'aa, palikuwa na ukingo laini uliopigwa msasa. Mwenyekiti aliugusa. Kidole kilirudi cheupe, rangi haijakauka.

"Umepunguzwa!"

Ukipunguza mkia wa ubao unaupunguzia uzito. Unanyanyuka mapema, unageuka upesi, na kwenye mbio zinazoamuliwa kwa pumzi moja hilo ni kama kuanza mbele ya wenzio.

"Sikuukata mimi!" alisema Bingwa. "Nimeupata kwa kura, mbele yenu wote! Nitakataje ubao nisiojua atapewa nani?"

Ilikuwa kweli. Watu walitazamana. Mama mkwe alizunguka meza, akanusa ule ukingo, akaupitisha ukucha.

"Mkono uliopiga msasa huu ni wa fundi," alisema. "Haukutetereka hata mara moja. Nani?"

Kule konani ukainuka mkono ule ule.

Loo! Mwenyekiti, ambaye alikuwa amepata kiatu kimoja tu, alifungua kitabu cha sheria kichwani mwake na kukisoma kwa sauti: ubao ukikatwa kwa faida ya mshindani, mshindani huyo yuko nje, awe ameupanda au hajaupanda, awe amejua au hakujua.

"Ulimkatia nani, mpwa wangu?"

Unyoya hakuhitaji kuambiwa. Alimjua mume wake. Ndiye aliyepunguza miguu ya kitanda ili mkewe asisumbuke kupanda, akapunguza miwili akasahau miwili, wakalala mteremko mwezi mzima. Mapenzi ya Fundi yalikuwa na msumeno. Bila shaka alipima mbao alfajiri kwa tepu ile ile aliyoichemsha, akaona zimezidi, akaingiwa na hofu, akaukata mmoja uwe halali, akiomba kura imwangukie mkewe. Kura ikaenda zake kwa Bingwa.

Kwa hiyo akisema kweli, Unyoya yuko nje. Kwa sababu ya kupendwa!

Alimkazia mumewe macho. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alimwomba Mungu mumewe awe mwongo.

Fundi alimtazama mkewe. Akatazama chini. Akaitoa kofia mdomoni.

"Nilimkatia Bingwa," alisema.

Oho! Moyo wa Unyoya uliruka kama mtoto aliyeachiwa mkono. Mwanamume huyu, asiyeweza kusema uongo hata kwa mgeni asiyependwa, amejichafua mbele ya mama yake na mjomba wake ili mkewe aingie majini. Angempikia mwezi mzima. Angelala kwenye kitanda cha mteremko maisha yake yote, na asilalamike.

Akamgeukia Bingwa, akisubiri mayowe. Sasa atakana. Sasa atararua nywele, ataapa kwa wazazi wake, walio hai na waliokufa.

Bingwa hakupiga mayowe. Aliliweka bawa lake chini.

"Si tulikubaliana," alimwambia Fundi, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kusemezana na mtu huyo, "kwamba usiseme mbele ya mkeo?"

Mtu hajitoi mashindanoni kwa uongo wa kumfaidi adui yake.

Ndipo Unyoya alipojiuliza swali ambalo banda zima halikuwa limejiuliza: ile ndoo ya kura asubuhi, iliyopitishwa mtu kwa mtu, ilishikwa na nani? Alimwona Fundi kama alivyokuwa saa ile, amekumbatia ndoo, ametabasamu, anamsogezea kila mmoja kwa heshima. Na ile tepu sufuriani, doa lake lilikuwa wapi? Alifikiri sana. Hakukumbuka doa. Basi tepu ilichemshwa makusudi ili mbao zote zizidi isipokuwa ule uliokatwa, na ndoo ikaufikisha kwa Bingwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na nguo zenyewe alikuwa akizifua Fundi.

"Bingwa nje!" alitangaza Mwenyekiti, akirukaruka kwa mguu wenye kiatu. "Wengine majini! Upepo umetulia!"

Honi ikalia. Washindani walipita mbio, mbao zimeshikwa kwapani, mabawa yanapepea vichwani mwao. Njia ilikuwa wazi mpaka kwenye maji. Safari aliyoililia miaka yote ilikuwa pale, imelala, inangoja wa kuiokota, na hakukuwa na Bingwa wa kumtangulia. Miguu yake ndiyo iliyokataa.

"Mke wangu," alianza Fundi. "Nisikilize kwanza. Si kama unavyofikiri."

Unyoya alivua pete ya ndoa. Haikutaka kutoka kwa urahisi, aliilowesha mate, akaizungusha, ikatoka. Akashika mkono wa mama mkwe wake, mkono ambao hajawahi kuushika isipokuwa kwa salamu, akaiweka kiganjani.

"Mama," alisema. "Nipimie hii. Nikirudi uniambie kama bado inanitosha."

Mama mkwe aliitazama pete. Akamtazama mwanawe wa kumzaa, kisha Bingwa, kisha tena mwanawe, na wote wawili walishusha macho kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakulipenda hata kidogo. Akafumba kiganja.

"Nenda kashinde, mwanangu," alisema. "Hawa niachie."

Mwanangu! Hajawahi kumwita hivyo.

Unyoya alikimbia. Maji yalimpokea magotini, bawa likakamata upepo, ubao ukatetemeka, ukajivuta, ukanyanyuka juu ya mawimbi kimya kabisa. Nyuma yake kelele za ufukweni zilianza kupotea. Sauti ya mwisho kumfikia ilitoka bandani, mle walimobaki Fundi, Bingwa na mama mkwe. Ilikuwa komeo la mlango, likisukumwa kutoka ndani.